Kibao cha Tatu

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Zefania, alikuwa na vidole vilivyojua udongo. Hakufundishwa darasani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtumishi wa bwana mmoja mpimaji, wakizunguka wilaya hii na ile kuchimba mashimo ya kutazamia ardhi. Shimo la namna hiyo si la taka wala la choo. Huchimbwa likashuka kimo cha mtu mzima, ukuta wake mmoja ukiwa umeelekea jua, na juu ya ukuta huo hapakanyagwi wala hapamwagwi kifusi. Udongo mweusi unaotoka huwekwa upande wake na mwekundu upande wake. Kisha ukuta husafishwa kwa kisu kuanzia juu kwenda chini, maana anayeanzia chini atakichafua tena alichokwisha kukisafisha. Ukishakuwa safi, ardhi imekaa wazi mbele yako, tabaka chini ya tabaka, na kila tabaka hupewa kibao cha bati chenye jina lake, kikapigiliwa msumari mahali pake. Majina aliyaandika bwana mpimaji. Zefania alichimba, akasafisha, akapigilia misumari.

Lakini mtu hawezi kushinda shimoni miaka kumi na tisa asijue lolote. Taratibu Zefania alijifunza kulowesha donge kwa mate na kulisokota kati ya vidole, aone kama litakuwa uzi au litakatika. Alijua kuuchoma ukuta kwa ncha ya kisu na kuhisi mahali tabaka linapobadilika, hata pale macho yasipoona kitu. Miaka ya mwisho bwana wake aliumwa magoti, akawa hashuki tena. Alikaa juu kwenye kiti cha kukunja, Zefania akasema kutoka chini, naye akaandika. Siku moja, akipanga vitabu ofisini, Zefania aliikuta taarifa ya kazi yao ya miaka yote, imejalidiwa vizuri, na jina la bwana limeandikwa juu kwa herufi za dhahabu. Akalitafuta jina lake ukurasa baada ya ukurasa. Alijikuta ukurasa wa mwisho, penye orodha ya vifaa: sururu mbili, ndoo moja, kamba, kibarua mmoja. Akakirudisha kitabu mahali pake, na mstari ule ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Bwana alipostaafu, Zefania alirudi kwao mlimani kulima migomba. Huko hakuna aliyejua anachokijua. Walimwita Zefania wa Mashimo, na wenye utani walimuuliza kama kweli alilipwa miaka yote ile kwa kuchimba na kufukia, au walikuwa wakimtafutia tu kitu cha kufanya. Alicheka pamoja nao. Mkewe ndiye aliyekuwa akimwona amesimama kando ya barabara, pale mlima ulipokatwa, akiugusa udongo na kunong'ona majina ya matabaka, kisha akijipangusa mikono haraka mtu akitokea.

Katika kijiji hichohicho alikuwapo mama mjane, Navoneiwa. Aliolewa hapo akiwa msichana, na wakwe zake wakampa shamba lililokatwa ngazi chini ya genge. Alililima misimu sita. Mwaka wa mvua kubwa mlima ulikatika, udongo mwekundu wa juu ukateremka na kulifunika shamba lote kina cha kiuno, na masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka yakazikwa pamoja na mahindi. Hakufa mtu, kwa hiyo watu wakamshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zao. Mumewe alipoona hana pa kulima, walishuka tambarare kwenye mashamba ya mkonge, wakakaa huko miaka karibu arobaini. Mume akafia huko akazikwa huko, na watoto wawili vilevile. Navoneiwa akarudi mlimani na furushi moja na jembe jipya, akaanza kulima juu ya udongo ule ulioteremka. Maharage yalimkubali. Hakuwa na shamba lingine wala ndugu mwenye shamba la kumpa, na chakula chake cha mwaka mzima kilitoka hapo.

Misimu mitatu hakuna aliyemsumbua. Ilikuwa vichaka tu, nani angegombania vichaka? Halafu kijiji kikachimba mfereji mpya, na maji yakapita hatua chache kutoka shambani kwake. Ndipo Mruma, mwenye ardhi yote ya juu ya genge, alipokumbuka kwamba udongo ule mwekundu ni wa kwake. Mbele ya baraza la kijiji alisema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kelele, kwamba udongo ulitoka kwake na kila mtu analijua hilo. Pale ulipoangukia, alisema, palikuwa korongo tupu la maji yaliyotuama, lisilo na mwenyewe, na mali ya mtu ikiteremka inabaki kuwa mali ya mtu. Navoneiwa akasema chini ya udongo ule kuna shamba lake. Baraza likatafuta mashahidi. Waliokumbuka vizuri walikuwa wameshazikwa, na waliobaki hai walikumbuka kulingana na anayewauliza. Mwishowe wazee wakaweka kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa ya haki: kama chini palikuwa shamba, basi ni la mwenye shamba, kama palikuwa korongo, basi udongo umfuate mwenyewe.

Aliyeomba shimo lichimbwe alikuwa Navoneiwa mwenyewe. Liwekeni hilo moyoni. Alisema watu wamesahau lakini shamba liko palepale lilipoachwa, na hapa kijijini yupo Zefania, aliyefanya kazi hiyo ujana wake wote. Basi na atazame, aseme. Wengine wakacheka kidogo. Mruma hakucheka. Alisimama akasema hilo ni wazo jema, na kwamba yeye yuko tayari kufuata atakalosema mtaalamu. Neno hilo alilitamka bila kulikazia, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Zefania, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, alitazama kushoto na kulia kuona ni nani anayesemwa.

Kuchimba kulimchukua siku mbili. Hakutaka msaada wa mtu. Siku ya tatu asubuhi, jua likiwa limeupiga ukuta sawasawa, alishuka na kisu akausafisha kutoka juu kwenda chini, akasoma. Juu kabisa palikuwa na udongo mwembamba wa kahawia wenye mizizi ya maharage, kazi ya Navoneiwa ya misimu mitatu. Chini yake ule mwekundu ulioteremka, umechanganyika na mawe yaliyolala ovyo. Halafu, usawa wa kiuno, pakawa na mstari ulionyooka, na chini ya mstari udongo mweusi. Zefania akapiga magoti. Udongo wa korongo hunuka maji mabovu na huwa na mishipa ya kutu. Huu haukuwa na kimoja kati ya hivyo. Ulivunjika mkononi vipande vidogovidogo, laini, kama udongo wowote ulioshiba samadi. Ndani yake mlikuwa na chembe za mkaa, na kigae cha chungu kisichozidi ukucha wa dole gumba. Akashuka kiganja kimoja zaidi, na kisu kikagonga tabaka gumu, bapa, ule ugumu unaoachwa na jembe likipiga kina kilekile msimu baada ya msimu. Maji hayawezi kufanya kazi hiyo, wala mvua. Chini ya hapo ulifuata udongo mzito wa manjano usiowahi kuguswa na mtu, basi.

Alikaa chini ndani ya shimo akafurahi. Ilikuwa furaha safi ya mtu aliyeuliza swali gumu akajibiwa vizuri. Alikuwa amelisoma shimo peke yake, bila mtu juu yake kwenye kiti cha kukunja, na alilisoma bila kosa. Kama angekuwa na vibao mkononi saa ile, angevipigilia hapohapo, na mimi nisingekuwa na habari ya kuwasimulia. Lakini alikuwa hajavikata. Akapanda juu, akashika njia ya nyumbani kwenda kutafuta bati.

Njiani alikutana na Mruma. Mruma hakumuuliza ameona nini. Alimpa pole ya kazi, akamwita mtaalamu, akamsihi apite angalau akanywe chai. Barazani kwake alimpa kiti chenye mikono, kiti anachokikalia mwenyewe, na yeye akachukua kigoda. Aliwaita wanawe wakubwa waje wamwamkie, akawaambia huyu ndiye mtu anayeijua ardhi ya wilaya hii kuliko wote, na kwamba ni aibu kubwa kijiji kumwacha alime migomba tu. Kisha alizungumza habari za kata. Kuna mifereji mingine inakuja, alisema, kuna mipaka mingi ya kuamuliwa, na kata inahitaji mtu mmoja anayejulikana rasmi. Yeye ameshalitaja jina la Zefania huko. Alipomsindikiza mpaka kwenye uzio aliongeza, kwa masikitiko ya kweli kabisa, kwamba watu wa hapa ni wagumu. Hawamheshimu mtu mpaka mkubwa mmoja amheshimu kwanza. Hakusema kingine. Juu ya shimo hakutia neno, tangu chai ilipomiminwa hadi walipopeana mikono.

Zefania alikata vibao vinne kutoka kwenye debe la mafuta. Alikaa uani na msumari akaanza kuandika kwa kukwaruza. Kibao cha kwanza aliandika udongo wa juu. Cha pili, udongo ulioteremka. Cha nne, udongo wa manjano, kwa sababu huo haukuwa na ugomvi na mtu. Kibao cha tatu kikamkalia mapajani muda mrefu. Alijua cha kuandika: shamba la kale lililofukiwa. Ni maneno manne tu. Lakini aliposhika msumari alisikia tena lile neno la barazani, mtaalamu, akaliona likiandikwa kwenye barua, likisomwa mikutanoni, na watu waliomwita wa Mashimo wakijifunza kulitamka. Akaanza kujisemesha. Udongo mweusi ni mweusi, akasema moyoni. Maji nayo huufanya udongo kuwa mweusi. Pengine aliwahi kuona korongo lenye udongo kama huu, huko wilaya za mbali. Hakuwahi kuona, naye alijua hakuwahi. Navoneiwa ni mzee, akasema tena, chakula chake ni kidogo, kanisa halitamwacha. Mkewe alipomuuliza kinachomsumbua, alijibu kwamba bati lina kutu. Mwishowe aliandika tope la korongo, akashangaa jinsi maneno yalivyokwaruzika kwa urahisi.

Mngetamani niwaambie kwamba alipewa fungu la fedha, au alitishiwa. Tungemwelewa upesi zaidi. Hakupewa hata senti, wala hakuna aliyemwinulia sauti. Alikuwa ameishi na njaa ya kitu kimoja, na mtu mmoja aliijua ile njaa akamwonyesha sahani kwa mbali. Hiyo tu ndiyo bei iliyolipwa.

Asubuhi yake alirudi shimoni kabla ya watu kufika, akausafisha ukuta mara ya pili. Safari hii alichomoa chembe za mkaa moja baada ya nyingine kwa ncha ya kisu, kwa uangalifu wa mwanamke anayechambua mchele. Alikitoa kigae. Aliunyunyizia udongo mweusi maji na kuulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa kama tope, na lile tabaka gumu la jembe akalisugua kwa udongo mbichi mpaka halikuonekana. Mjinga asingeweza kuuharibu ukuta ule, angesahau kitu. Ilihitajika akili yote ya Zefania na miaka yake yote kumi na tisa ili pasibaki alama hata moja. Kisha akapigilia vibao, kila kimoja mahali pake, vimenyooka kama alivyozoea.

Kijiji kizima kilikuja. Walisimama pande tatu za shimo, na hakuna aliyeutazama ukuta. Walitazama vibao. Katibu wa baraza alivisoma kwa sauti akianzia juu, na alipofika cha tatu watu waliguna taratibu, mguno wa mambo kuisha. Mruma alikuwa amesimama nyuma kabisa, ameshika kofia mkononi. Navoneiwa hakujua kusoma. Aliomba ateremke, wakamshika mikono wakamshusha. Alipitisha kiganja ukutani kama mtu anayepapasa ng'ombe wake, akasimama penye udongo mweusi. Kisha akaomba Zefania ashuke, amsomee mwenyewe kile kibao kilichopo pale. Ikambidi ashuke. Wakawa wamesimama wawili ndani ya shimo, uso kwa uso, mahali pembamba pasipo na nafasi ya kurudi nyuma. Akamsomea. Mama yule aliposema hakuipandisha sauti.

"Misimu sita nililima hapa, mwanangu, na mama yako alikuja kuchukua mbegu ya maharage hapahapa. Kumbe tulikuwa tunalima tope."

Watu wakamngoja Zefania. Bado ilikuwepo nafasi. Angeinua mkono tu, akakwangua ukuta kwa kisu kina cha kidole, na shamba lingetokea, maana alikuwa ameifuta sura ya ukuta tu, si ukuta wenyewe. Kisu kilikuwa kiunoni mwake. Lakini juu yao zilikuwapo nyuso zote za kijiji zikimtazama yeye, zikimngoja yeye aamue, jambo lisilowahi kumtokea maishani, na hakuweza kuliachia.

"Vibao vimeshaandikwa, mama," alisema.

Baraza liliamua kabla jua halijawa kali. Navoneiwa akapewa ruhusa ya kuvuna maharage yaliyokuwa shambani, na wazee walijiona wakarimu kwa hilo. Alivuna yote, mabichi na makavu, siku moja. Akahamia kijiji cha pili kwa mtoto wa dada yake, ambako analala jikoni na kuomba radhi kila anapojongeza kikapu cha mtu. Mruma naye alitimiza neno lake, nisimsingizie. Barua ilikuja kutoka kata, na juu yake pameandikwa Mtaalamu wa Udongo, na chini yake jina la Zefania lote, la kwake na la baba yake. Mkewe aliitia kwenye fremu. Zefania aliitwa kwenye mashimo mengi baada ya hapo, kijiji hiki na kile, na alikuwa mwangalifu. Kabla ya kushuka alitazama kwanza ni nani waliosimama juu.

Habari haikuishia hapo, ingawa wengi wangependa iishie. Msimu wa kiangazi Mruma aliitisha msaragambo, ili watu wamsaidie kuvuta maji ya mfereji hadi kwenye shamba lake jipya. Walikuja zaidi ya thelathini na majembe yao, walewale waliosimama pande tatu za shimo, kwa sababu kazi ya pamoja haikataliwi na maji yangemfaa kila mtu baadaye. Zefania aliletewa kiti akakaa kivulini aonyeshe mahali pa kupitisha. Walianza kuchimba ukingo wa chini, ambako udongo ulioteremka haukuwa mnene. Hawakuwa wamefika mbali jembe la mama mmoja, Nakiete, likagonga. Akafukua kwa mikono. Yalikuwa mafiga matatu, yamekaa kwenye pembe zao sawasawa kama yalivyoachwa, upande wa ndani yamekuwa meusi kwa masizi. Katikati yake jivu lilikuwa bado laini, na ndani ya jivu limo gunzi lililoungua.

Majembe yakanyamaza. Wanawake ndio walioelewa kwanza, maana ndio wanaoyajua masizi kwa karibu. Mmoja alikaza khanga yake akatazama pembeni. Mwanamume mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Hakuna aliyemtazama Mruma, na Mruma hakumtazama mtu. Kila aliyekuwapo alijua kwamba hakuna mwanamke duniani anayeenda kuinjika chungu katikati ya korongo la maji. Kila mmoja alijua ni chungu cha nani, kwamba alikuwa anapika akichunga mahindi dhidi ya nyani, na kwamba mwenye chungu yuko hai, saa mbili kwa mguu kutoka pale. Ingetosha mtu mmoja kusema. Wangekuwa thelathini upande mmoja, na upande wa pili mtu mmoja mpole na kibao cha bati. Walisimama hivyo kwa muda unaotosha kusali Baba Yetu mara mbili. Mwishowe Nakiete, magoti yake yakiwa bado kwenye jivu, aligeukia kivulini.

"Mtaalamu," alisema, "hiki ni nini?"

Hakuuliza kwa sababu hajui. Amepikia mafiga tangu ana miaka saba. Aliuliza kwa niaba yao wote, kwa sababu jua lilikuwa linapanda, kazi ilikuwa nyingi, na walihitaji jina la kukiitia kile kitu ili waweze kuendelea. Zefania alinyanyuka kwenye kiti akaja. Alichuchumaa kwa heshima, kama alivyochuchumaa kwenye mashimo mia moja, akagusa jiwe, akasokota jivu kidogo kati ya vidole. Vidole vyake vilimwambia kila kitu, kwa maana havikuwahi kumdanganya hata siku moja.

"Ni mawe," alisema.

Na watu wakashusha pumzi. Waliyang'oa mafiga wakayaviringisha hadi ukingo wa mfereji, wakayapanga kuzuia mmomonyoko, nayo yalikaa vizuri. Mchana mke wa Mruma alileta makande kwenye sufuria kubwa, wakala wakasifu upishi. Maji yalipofika shambani walipiga vigelegele, wakanawa mikono, kila mtu akaenda kwake.

Zefania mmeshamhukumu tangu katikati ya habari. Nimewaona mkitikisa vichwa. Mwacheni kwanza, yeye angalau alikuwa na njaa. Lakini wewe uliyekuwapo pale na jembe mkononi, wewe uliyelishwa kutoka mafigani tangu ulipoota meno, ulikuwa unamngoja mtaalamu akuambie nini?